Windows 10 imefungiwa mlango: Wapwani tuhamie mfumo gani?

Oktoba 14, 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Huu ndio mfumo endeshi ulioingia sokoni Julai 2015, na ndio uliomo katika laptopu nyingi za mtumba ninazoziona madukani, kwenye saiba na majumbani hapa Mombasa. Siku ile ilipita kimya. Kompyuta ziliendelea kuwaka, barua ziliendelea kuchapwa, watoto waliendelea na gemu zao. Ndiyo maana hadi leo wengi wanauliza kelele zote zile zilikuwa za nini.

Kilichobadilika hakionekani kwa macho. Kila mfumo endeshi una matundu ambayo hugunduliwa polepole, mwezi baada ya mwezi. Zamani tundu likigunduliwa, Microsoft ilituma kiraka. Sasa tundu likigunduliwa, wahalifu watalijua na kiraka hakitakuja. Anayetumia kompyuta hiyo kuingia eCitizen, kujaza ushuru wa KRA, kufungua akaunti ya benki au kuhifadhi nakala za vitambulisho na pasipoti za wateja, huyo ndiye aliyelala mlango wazi.

Haya si maneno ya kutishana. Mei 2017 programu hasidi iliyoitwa WannaCry ilifunga faili za kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, zikiwemo za hospitali za umma za Uingereza, na wenye nazo wakadaiwa pesa ili wafunguliwe. Kiraka cha tundu lile kilikuwa kimetoka Machi mwaka uo huo, miezi miwili nyuma. Walioumia ni wale ambao kompyuta zao hazikuwa zimesasishwa. Sasa fikiria hali ambapo kiraka chenyewe hakipo.

Katika makala haya nataka kujibu swali ninaloulizwa mara kwa mara na vijana, walimu na wenye maduka madogo: tukiachana na Windows 10, tuende wapi bila kutupa mashine iliyo nzima? Na wale wa gemu, wao watafanyaje?

Kwa nini si Windows 11 tu?

Kwa mwenye kompyuta mpya, Windows 11 ni jibu la haraka. Shida ni kwamba Microsoft iliwekea mfumo huo masharti. Inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inataka prosesa ya kizazi cha 8 kuendelea, yaani zilizoanza kutoka mwishoni mwa 2017. Laptopu zetu za mtumba kutoka ng'ambo, zile tunazoziita "ex-UK", nyingi ni i5 za kizazi cha 4, cha 5, cha 6 au cha 7. Ni mashine imara za ofisi, zenye kibodi nzuri na mwili mgumu, lakini mlangoni mwa Windows 11 zinarudishwa.

Zipo hila za kuingiza Windows 11 kwa nguvu kwenye mashine kama hizo, na mafundi wetu wanazijua. Microsoft yenyewe imeonya kuwa kompyuta isiyotimiza masharti haina uhakika wa kupata masasisho. Utakuwa umehama nyumba na kuhamia nyingine ambayo mwenyewe anaweza kukutoa saa yoyote.

Kuna pia mpango wa kuongezewa muda. Kwa watumiaji binafsi, Microsoft ilitangaza masasisho ya ziada ya Windows 10 hadi Oktoba 13, 2026, kwa dola 30, au bila malipo kwa anayekubali kuhifadhi mipangilio yake kupitia akaunti ya Microsoft. Kwa kampuni, bei ilianzia dola 61 kwa kila kompyuta kwa mwaka wa kwanza, na inaongezeka maradufu kila mwaka. Kwa mwenye laptopu moja nyumbani, mpango huu ni pumzi nzuri ya kujipanga. Lakini pumzi si makao.

Njia ya tatu, ambayo ndiyo iliyozoeleka mitaani, ni kuwekewa nakala ya wizi pamoja na kile kiprogramu cha kuidanganya Windows kuwa imelipiwa. Mbali na kuwa ni kosa kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya, watafiti wa usalama waliwahi kuonya mwishoni mwa 2021 kwamba nakala bandia za KMSPico, mojawapo ya viprogramu hivyo, zilikuwa zimetiwa programu ya kuiba maneno ya siri na pochi za pesa za kidijitali. Cha bure cha namna hiyo ni ghali.

Mfumo wa bure usio wa wizi

Ndipo inapokuja Linux. Jina hili huwatisha watu kana kwamba ni mambo ya wanasayansi, ilhali karibu kila msomaji wa makala haya ana Linux mfukoni. Simu ya Android imejengwa juu ya kiini cha Linux. Kiini hicho alikianzisha Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini, mwaka 1991. Kiliungana na kazi ya mradi wa GNU uliotangazwa na Mmarekani Richard Stallman mwaka 1983, na kwa pamoja vikawa mfumo kamili ambao mtu yeyote ana haki ya kuutumia, kuuchunguza, kuubadilisha na kuugawa.

Hii ndiyo maana ya chanzo huria. Wengi hushika neno "bure" peke yake, lakini kwetu sisi neno zito zaidi ni "kugawa". Faili la kusakinisha Linux Mint lina ukubwa wa karibu gigabaiti 3. Mtu mmoja akilipakua mara moja kwenye intaneti ya kasi, anaweza kulinakili kwenye flashi za mtaa mzima, kwa halali kabisa, bila mtu kuchoma bando lake na bila mtu kuitwa mwizi. Jambo ambalo kwa Windows ni kosa, hapa ni haki uliyopewa kwa maandishi.

Uhuru huo umewahi kutufaa Waswahili. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Hawakuhitaji kusubiri kampuni iamue kama Kiswahili kina soko. Chanzo kilikuwa wazi, wakaketi wakaifanya kazi.

Aina ni nyingi, chagua kwa jirani

Hapa ndipo wageni wengi hupotelea. Linux si kitu kimoja. Kiini ni kimoja, lakini kuna mamia ya aina zilizojengwa juu yake, na kila aina ina mashabiki wanaoapa kuwa yao ndiyo bora. Kijana akiuliza swali moja anapata majibu kumi yanayopingana, mwishowe anarudi kwa fundi na Windows ya wizi.

Mimi nina kipimo changu, na ndicho ninachotaka msomaji aondoke nacho: mfumo rahisi kwa anayeanza ni ule ambao mtu wa karibu naye anaujua. Windows haikuwa rahisi kwetu kwa sababu imeundwa vizuri kupita yote. Ilikuwa rahisi kwa sababu ikikwama saa tatu usiku, binamu yako au fundi wa kona ya pili anajua la kufanya. Kwa hivyo badala ya kila mtu kukimbilia aina yake, ingetufaa kama mitaa yetu, shule zetu na mafundi wetu wangekutana kwenye aina moja au mbili.

Pendekezo langu la kwanza ni Linux Mint. Ilianza 2006, mwanzilishi wake ni Clément Lefebvre, na imejengwa juu ya Ubuntu. Sababu zangu ni za kawaida tu. Sura yake inafanana na Windows tuliyoizoea: kitufe cha menyu chini kushoto, saa chini kulia, faili kwenye mafolda. Inakuja na LibreOffice, Firefox na vitu vya kuchezea muziki na video. Ina programu iitwayo Timeshift ambayo, ukishaiwasha, huhifadhi hali ya mfumo, hivyo ukiharibu kitu unarudisha mashine ilivyokuwa juzi. Toleo la 22, lililotoka Julai 2024, litapata masasisho hadi 2029. Inahitaji RAM ya gigabaiti 2 kwa uchache, ingawa 4 ndiyo ya kufanya kazi kwa raha. Mashine dhaifu ichukue Mint yenye sura ya Xfce. Iliyo na nguvu kidogo ichukue yenye sura ya Cinnamon.

Pendekezo la pili ni Ubuntu yenyewe, iliyozaliwa Oktoba 2004 kwa fedha za Mark Shuttleworth, raia wa Afrika Kusini. Jina lake ni ndugu wa neno letu "utu". Ubuntu ina kampuni nyuma yake, Canonical, na matoleo yake ya muda mrefu hutoka kila baada ya miaka miwili, kila moja likilindwa kwa miaka mitano. Sura yake ni tofauti na Windows na inapenda mashine yenye nguvu zaidi, lakini anayesomea teknolojia chuoni ataikuta kila mahali. Uzuri ni kwamba Mint na Ubuntu ni mtu na nduguye. Suluhisho la tatizo la moja mara nyingi hufanya kazi kwa nyingine, kwa hivyo fundi akijua moja hajapotea kwenye ya pili.

Zipo nyingine nzuri. Zorin OS, kutoka Ireland, ilitoa toleo lake la 18 siku ile ile Windows 10 ilipofungiwa, nayo inaiga sura ya Windows kwa ustadi. Fedora ni safi na ya kisasa. Sizikatai. Ninachosema ni kwamba ukiwa peke yako na Fedora huko Mpeketoni, u peke yako kweli.

Sasa gemu

Miaka kumi iliyopita ningemwambia kijana wa gemu asipoteze muda wake na Linux. Leo siwezi kusema hivyo. Agosti 2018 kampuni ya Valve, wenye duka la gemu la Steam, ilitoa chombo kiitwacho Proton kinachowezesha gemu zilizotengenezewa Windows kuchezwa kwenye Linux. Februari 2022 Valve ikaanza kuuza Steam Deck, kompyuta ya kushika mkononi inayoendeshwa na Linux. Kwa kuwa biashara yao sasa inategemea jambo hilo, wamelifanyia kazi kwelikweli. Oktoba 2025, kwa mara ya kwanza, takwimu za Steam zilionyesha kuwa watumiaji wa Linux wamevuka asilimia 3. Bado ni wachache, lakini si wa kupuuzwa tena.

Kwa kijana, mambo yamesimama hivi. Counter-Strike 2, Dota 2 na Euro Truck Simulator 2 zina matoleo ya Linux moja kwa moja. Minecraft ya Java nayo ipo. Gemu nyingi kubwa za kuchezwa peke yako, kama Red Dead Redemption 2, Elden Ring na hadithi ya GTA V, huchezwa kupitia Proton. Unafungua Steam, unaruhusu Proton kwenye mipangilio, unabonyeza kusakinisha, basi.

Panapouma ni gemu za mashindano mtandaoni. Nyingi zina programu ya kuzuia udanganyifu inayotaka kuingia ndani kabisa ya Windows, na watengenezaji wake wamekataa kuiruhusu Linux. Valorant haiingii. League of Legends haiingii tangu 2024. Fortnite haiingii. Apex Legends ilikuwa ikichezwa, ikafungwa Oktoba 31, 2024. GTA Online ilikatika Septemba 2024, ingawa hadithi ya gemu yenyewe bado inachezwa. Na kwa ndugu zangu wa kandanda, hili ni chungu zaidi: matoleo mapya ya EA Sports FC nayo yamefungiwa Linux kwa sababu iyo hiyo.

Kwa hivyo mchezaji asianze kwa kuuliza mfumo gani ni bora. Aandike kwanza gemu tatu ambazo hawezi kuishi bila hizo, kisha atafute moja baada ya nyingine kwenye tovuti ya ProtonDB, ambako wachezaji wenyewe huandika gemu ipi inakubali na ipi inagoma. Kama zote tatu zinakubali, ahame. Kama moja kati yake ni Valorant au FC mpya, abaki na Windows kwenye mashine hiyo, au aweke mifumo yote miwili ubavu kwa ubavu na kuchagua wakati wa kuwasha.

Kuna jambo la vifaa pia ambalo wauzaji hawalisemi. Proton hutegemea teknolojia ya michoro iitwayo Vulkan. Laptopu za Intel za kizazi cha 4 kurudi nyuma, zisizo na kadi ya grafiki ya pembeni, haziungi mkono Vulkan kikamilifu. Hizo zitakufaa kwa kazi, filamu na gemu nyepesi za bure kama SuperTuxKart, lakini usizinunue kwa ndoto ya gemu kubwa. Kuanzia kizazi cha 6 hali ni bora, ingawa kadi ya ndani itabaki kuwa ya gemu nyepesi na za zamani. Anayetaka gemu kubwa anahitaji kadi ya grafiki yake, iwe Linux au Windows. Hakuna mfumo unaoweza kumgeuza punda awe farasi.

Kwa mwenye kompyuta ya gemu hasa, yenye kadi nzuri, kuna Bazzite, iliyojengwa juu ya Fedora kwa ajili ya wachezaji. Steam imo tayari, na sasisho likiharibu kitu unarudi kwenye hali ya awali wakati wa kuwasha. Mwenye kadi ya Nvidia kwenye Mint naye hana shida kubwa; afungue kidhibiti cha draiva, achague ile iliyopendekezwa, awashe upya.

Nani asihame

Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wazee. Wapo ambao Linux haitawafaa, na ni afadhali waambiwe mapema.

Mwenye studio ya picha za harusi anayeishi kwa Photoshop na Premiere asihame. Adobe hawatoi programu hizo kwa Linux. Mchoraji majengo wa AutoCAD vivyo hivyo. Mhasibu aliyeweka vitabu vyote vya duka kwenye QuickBooks ya kusakinishwa, abaki. Anayejaza fomu za Excel zenye makro, za ushuru au za ofisini, azijaribu kwanza kwenye LibreOffice, kwa sababu makro nyingi za Excel hukwama huko. Shule inayoandaa watahiniwa kwa mtihani wa vitendo wa kompyuta iulize kwanza mitihani inataka programu zipi.

Lakini tazama idadi ya wanaobaki. Mwanafunzi anayeandika kazi yake ya chuo. Mama mwenye duka la nguo anayeweka hesabu kwenye jedwali na kuwajibu wateja kwa WhatsApp ya kwenye kivinjari. Mwenye saiba ambaye kazi yake ni eCitizen, barua pepe, kuchapisha na kuskani. Katibu wa chama cha akiba. Mzee anayefuatilia habari na kuzungumza kwa video na watoto walioko Muscat au Dubai. Kazi za hawa wote ziko ndani ya kivinjari au ndani ya programu ya ofisi. Hawa hawadaiwi chochote na Windows isipokuwa mazoea.

Jaribu kabla ya kuhama

Linux ina adabu moja ambayo watu wengi hawaijui: inakubali kuonjwa. Unatia faili la Mint kwenye flashi ya gigabaiti 8 kwa programu ya bure kama Rufus au Etcher, unaiwasha kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo, na mfumo mzima unafunguka bila kugusa kilichomo kwenye diski. Kwenye mashine nyingi unabonyeza F12, F9 au Esc mara tu inapowaka ili kuchagua flashi.

Ukiwa humo, fanya ukaguzi. Je, Wi-Fi inashika? Sauti inatoka? Kamera inaonyesha? Printa yako inachapisha? Ukifunga kifuniko inalala na kuamka? Fungua eCitizen, fungua benki yako, fungua hati yako ya Word uone kama imepangika. Ikiwa kitu kimegoma, mtafute mjuzi kabla ya kuendelea. Ikiwa kila kitu ni sawa, ndipo uamue.

Kabla ya kusakinisha, nakili faili zako zote kwenye diski ya nje. Zote, na uhakikishe zinafunguka. Angalia pia kama Windows yako imefungwa kwa BitLocker, na kama ndivyo, uwe na ufunguo wake mkononi. Flashi unayotumia kuandalia itafutwa yote, kwa hivyo isiwe ile yenye picha za arusi. Na kama laptopu yako bado ina diski ya kuzunguka, weka SSD kwanza. Hiyo itakufaa kuliko mjadala wote wa mifumo.

Deni la kaunti na shule

Nimesema kwamba urahisi wa mfumo unatokana na watu waliokuzunguka. Historia inaniunga mkono.

Jiji la Munich, Ujerumani, liliamua mwanzoni mwa miaka ya 2000 kuhamisha ofisi zake kwenye Linux. Maelfu ya kompyuta zilihamishwa. Mwaka 2017 madiwani wakapiga kura kurudi Windows, baada ya miaka ya malalamiko ya wafanyakazi na mabadiliko ya uongozi. Ng'ambo ya bahari hii hii yetu, jimbo la Kerala nchini India, shule za serikali zilianza njia hiyo hiyo miaka ile ile, na hadi leo zinatumia mfumo huria uliotengenezwa kwa ajili yao. Kerala haikuwa na pesa kuishinda Munich. Ilichofanya ni kuwafundisha walimu wenyewe, wengi mno, hadi mwalimu wa shule ya kijijini akawa ndiye fundi. Wajerumani nao hawajakata tamaa: jimbo la Schleswig-Holstein lilitangaza Aprili 2024 kwamba litahamisha kompyuta zipatazo 30,000 za serikali kwenye LibreOffice, na baadaye Linux.

Sisi tuna nafasi yetu. Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya serikali za kaunti. Kwa hivyo Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta zina mamlaka ya kuamua kijana wa ufundi wa kompyuta afundishwe nini. Leo akihitimu anajua kusakinisha Windows, mara nyingi ya wizi. Kesho angeweza kuhitimu akijua kuifufua mashine iliyokataliwa, kuilinda na kuihudumia, na hiyo ni kazi ya kulipwa mtaani.

Tufanye hesabu ndogo. Leseni moja ya Windows 11 Home inauzwa rejareja Marekani kwa dola 139, karibu shilingi 18,000 za Kenya. Shule hupata punguzo, ni kweli. Lakini hata ikipewa leseni bure, maabara yenye kompyuta 20 za kizazi cha 6 haiwezi kutimiza masharti. Itabidi inunue mashine mpya 20. Basi wabunge wanapokuja kukata utepe wa maabara, na madiwani wanapopitisha bajeti, tuwaulize: mashine zilizopo mmezifanyia nini kabla ya kuomba nyingine? Zikitupwa, zitaishia jaa la Mwakirunge au kuchomwa mitaani ili kutolewa shaba, na moshi wake utavutwa na watoto hao hao.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Microsoft ina haki ya kuamua lini itaacha kuhudumia bidhaa yake. Ni biashara yao. Haina haki ya kutuamulia lini kompyuta iliyo nzima inakufa. Uamuzi huo ni wetu, ila tu tukiufanya pamoja: aina moja kwa mtaa, mafundi wawili watatu wanaoijua barabara, flashi inayozunguka kutoka nyumba hadi nyumba. Mwenye saiba mmoja aliyeizoea Mint atawafaa majirani zake kuliko makala kumi kama haya.

Kama una laptopu ya pili inayokusanya vumbi, anza na hiyo Jumamosi hii. Ikikubali, mfundishe mtu mmoja.